Pac-Man Alipoingia Nyumbani

Katika nyumba nyingi za zama zetu hizi utakuta kando ya televisheni kimashine ambacho watoto wa nyumba ile wanakijua kwa undani, na wazee wao hawakijui ila kwa kelele zake. Baba hurudi kutoka kazini akataka kusikiliza khabari, akakuta kioo kimekwisha kuchukuliwa, mama huita mara ya tatu kwa ajili ya chakula, akajibiwa, "Bado kidogo tu, mama." Juu ya kuruhusu na kuzuia, kila mwenye nyumba ana rai yake, na sisi hatukukusudia leo kumtolea mtu hukumu ndani ya mlango wake. Tulilolikusudia ni kueleza jinsi mchezo mmoja ulivyotoka barabarani ukaingia vyumbani mwa watu, na yaliyowapata wale walioununua kwa kuliamini jina lake. Kwani mzazi anayetoa fedha zake dukani yafaa ajue anachokinunua, na kijana anayecheza yafaa ajue kilichomo ndani ya kile anachokichezea.

Mchezo huo ni Pac-Man, na asili yake ni Japani.

Mwaka 1955 Masaya Nakamura alianza biashara yake kwa farasi wawili wa kupembea, aliowaweka juu ya paa la duka kubwa mjini Yokohama ili watoto wawapande. Kutokana na farasi wale wawili ikakua kampuni ambayo baadaye iliitwa Namco, na mwaka 1977 kampuni hiyo ikamwajiri kijana mmoja, jina lake Toru Iwatani. Wakati huo majumba ya michezo ya Japani yalikuwa yamejaa mashine za sarafu, na karibu zote zilikuwa za vita: mchezaji akisimama mbele ya kioo kuwapiga risasi maadui watokao angani. Iwatani aliona kwamba majumba yale yamekuwa makao ya wanaume peke yao, tena si mahali pa kuvutia. Akataka kuutengeneza mchezo ambao mwanamke angeuona akapenda kuucheza, na watu wa nyumba moja wakaucheza pamoja pasina kumwaga damu. Akafikiri, akaona kwamba jambo lisilomshinda mtu yeyote kulifahamu ni kula.

Basi akafanya kibonge cha manjano chenye kinywa tu, hakina miguu wala mikono. Iwatani mwenyewe amesimulia kwamba umbo hilo lilimjia alipoondoa kipande kimoja katika mkate wa pizza, akaona uliobaki unafanana na uso ulioachama. Kisha akakiri kuwa kisa hicho ni nusu ya kweli, maana alikuwa pia akiilainisha herufi ya Kijapani ya neno kinywa, ambayo ni ya pembe nne. Jina lake lilitokana na msemo wa Kijapani wa sauti ya kinywa kinachofunguka na kufumba, paku paku, na mchezo ukaitwa Puck Man. Ulionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Tokyo mwezi Mei mwaka 1980, Iwatani akiwa na umri wa miaka 25. Ulipopelekwa Marekani mwezi Oktoba wa mwaka ule ule na kampuni ya Midway, wenye mali waliogopa kwamba wahuni wangeikwangua herufi ya kwanza iliyoandikwa juu ya mashine na kuigeuza jina kuwa tusi. Wakaona kheri walibadili mapema, likawa Pac-Man.

Hapa yatupasa tukae kidogo, kwani asiyejua ulivyokuwa mchezo wa asili hataweza kujua kilichopotea njiani.

Mchezo ni mzingile, yaani njia nyingi zilizopindana ndani ya kuta. Katika njia hizo vimetandazwa vitone vidogo 240, na katika pembe nne ziko tembe kubwa 4. Pac-Man hana budi kuvila vyote ndipo amalize. Vizuka wanne wanamwinda, na wakimgusa amekufa. Lakini akila tembe kubwa, mambo hugeuka kwa muda mfupi, vizuka hugeuka rangi ya buluu na kukimbia, na yeye ndiye mwindaji. Kizuka wa kwanza humpa alama 200, wa pili 400, wa tatu 800 na wa nne 1,600. Hii ndiyo sheria yote. Mtoto wa miaka sita huifahamu kabla sarafu yake haijatulia ndani ya mashine.

Ama siri ya mchezo iko kwa wale vizuka. Mtu akitazama kwa haraka hudhani ni viumbe vinne vya namna moja, vimetofautiana rangi tu. Sivyo. Kila mmoja alipewa tabia yake. Mwekundu humfuata Pac-Man nyuma kwa nyuma, mahali alipo. Wa rangi ya waridi hamfuati alipo, bali hulenga hatua nne mbele ya pale anapoelekea, ili amkate njia. Kwa hiyo mchezaji anayemkimbia mwekundu huwa anajipeleka kwa mwenzake. Wa samawati ndiye mgumu kueleweka: huchukua mahali palipo mbele kidogo ya Pac-Man, akapima umbali wa mahali hapo kutoka kwa mwekundu, kisha akauongeza umbali huo mara ya pili, basi mwenendo wake unategemea wawili, wala mtu hawezi kuukisia kwa kumtazama yeye peke yake. Wa rangi ya chungwa huja kwa nguvu akiwa mbali, na akikaribia hatua nane hughairi, akarudi pembeni kwake kama mtu aliyekumbuka kwamba ana shughuli nyingine. Na juu ya hayo, kila baada ya muda wote wanne huacha kuwinda wakatawanyika, kila mmoja kwenye pembe yake, ili mchezaji apate kuvuta pumzi, kisha wakaanza tena.

Kwa kuwa vizuka hawa huenda kwa kanuni, walitokea watu waliojifunza mwendo wao wakauhifadhi kwa moyo, kona kwa kona, hata wakaweza kucheza kwa masaa kwa sarafu moja. Mchezo haukuwekewa mwisho. Lakini mashine ilikuwa ikihesabu hatua za mchezo kwa namba isiyozidi 255, na mchezaji akifika hatua ya 256 hesabu huharibika, nusu ya kioo ikajaa herufi na alama zisizo na maana, wala mbele hakuendeki. Watengenezaji hawakudhani kwamba atatokea mtu wa kufika huko. Walifika.

Marekani mchezo huu ulienea kuliko ulivyoenea kwao. Ukatungiwa wimbo, ukafanyiwa picha za katuni za televisheni mwaka 1982, ukapigwa chapa juu ya vikombe, shuka na masanduku ya chakula cha watoto wa shule. Kila mchezo mmoja ulikuwa kwa sarafu ya robo dola, na robo dola ni kitu kidogo mpaka uzihesabu zote za wiki. Hapana ajabu basi kwamba wazazi wengi walilisikia kwa furaha tangazo la kwamba Pac-Man anakuja nyumbani. Tuseme mzazi amenunua kwa dola 30. Hizo ni robo 120. Mtoto aliyezoea kwenda jumba la michezo huzimaliza katika miezi michache, na baada ya hapo nyumba yachezea faida. Tena mtoto yuko ndani, mbele ya macho ya mama yake. Hesabu ilikuwa nzuri.

Lililobaki ni kutazama mashine yenyewe iliyokuwako nyumbani.

Mashine iliyokuwa imeenea wakati ule ni ya kampuni ya Atari, iliyotoka mwaka 1977, na ambayo baadaye ilijulikana kwa namba 2600. Ilikuwa kisanduku kilichounganishwa na televisheni, na michezo yake iliuzwa mbalimbali katika kaseti za plastiki za kuchomeka. Waliotengeneza mashine hiyo walikuwa na michezo ya miaka ile akilini, ule wa vibao viwili vinavyorudishiana mpira, na ule wa vifaru viwili vinavyopigana. Kwa hiyo waliiwezesha kuonyesha vitu viwili vikubwa vyenye kwenda, risasi mbili na mpira mmoja. Kwa mchezo wa vibao au wa vifaru, hiyo ilitosha.

Kumbukumbu ya mashine ile, mahali pa kuandika mambo yanayobadilika mchezo unapokwenda, ilikuwa baiti 128. Msomaji apate kipimo: herufi moja ni baiti moja, basi 128 ni mistari miwili hivi ya ukurasa wa gazeti. Na kaseti iliyotolewa kwa ajili ya Pac-Man ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 4, ambayo ni kama robo ya makala haya unayoyasoma, ilhali mashine ya jumba la michezo ilikuwa na kilobaiti 16 za programu, ambazo ni takriban makala yote. Lipo na la tatu, nalo ni zito kuliko haya. Mashine ya Atari haikuwa na mahali pa kuuhifadhi mchoro mzima wa kioo. Programu ilikuwa haina budi kuitoa picha mstari kwa mstari, wakati ule ule ambapo mwanga wa televisheni unapita, mara 60 katika kila sekunde; ikichelewa kidogo, mwanga umekwisha pita.

Kazi hii alipewa mfanyakazi mmoja wa Atari, Tod Frye. Alikuwa na nafasi za vitu viwili vyenye kwenda, na mchezo unataka vitano: Pac-Man na vizuka wanne. Akampa Pac-Man nafasi yake, na ile ya pili akawagawia vizuka wote wanne kwa zamu; picha hii anaonekana huyu, picha ifuatayo yule, kila mmoja akipata mara 15 tu kwa sekunde. Matokeo yake vizuka walimetameta kama taa inayotaka kuzimika, na rangi zao zikafifia hata mchezaji asiweze kutambua yupi ni yupi. Msomaji akumbuke tuliyoyasema juu ya tabia za wale wanne. Mtu asiyeweza kumpambanua anayemfuata na anayemvizia, amebakiwa na nini cha mchezo ule?

Yalipotea na mengine. Vitone vilikuwa vijistari vifupi, kwa kuwa ndivyo mashine ilivyoweza kuvichora kwa urahisi. Matunda ambayo katika asili hutokea katikati, cheri na stroberi na chungwa na mengineyo, yaligeuzwa kijisanduku kimoja kilichoitwa vitamini. Njia ya kupenya, ambayo asili yake iko kushoto na kulia, ikahamishiwa juu na chini. Pac-Man mwenyewe akipanda au kushuka, uso wake ulibaki umetazama kando. Kuta zilibadilika rangi na mpango, na ile sauti ya kutafuna iliyowapendeza watu ikawa mlio mkavu wa kugonga. Na ndani ya zile baiti 128 ilibidi pia ikumbukwe michezo ya watu wawili wanaopokezana, kila mmoja na vijistari vyake alivyokwisha kula na alivyobakisha. Maana mchezo wa nyumbani ambao ndugu wawili hawawezi kushindana ungekuwa mchezo gani?

Sisi hatumlaumu fundi. Tukiitazama kazi yake kwa kadiri ya vyombo alivyopewa, twaona ni kazi ya mtu hodari aliyetakiwa kuitia bahari ndani ya kata. Swali letu liko kwa wale waliokuwa juu yake, walioiona kaseti kabla haijatoka, wakaitia ndani ya boksi lenye picha nzuri iliyochorwa kwa brashi, wakaandika juu yake jina lile lile.

Kabla hatujaingia dukani, kiko kisa kingine kilichokwenda sambamba na hiki, na sisi twaona ndicho cha kufikirisha zaidi.

Mwaka 1981, kabla ya kaseti ya Atari kutoka, kampuni ya Philips iliuza kwa mashine yake ya Odyssey mchezo uliotengenezwa na Ed Averett, ukiitwa K.C. Munchkin. Nao ulikuwa wa mzingile, mlaji, vitone na mazimwi. Lakini Averett hakuwa amenakili tu. Vitone vyake vilikuwa 12 peke yake, tena havikutulia. Vilikwenda, na kila vilivyopungua vilizidi mbio, hata cha mwisho kilihitaji kufukuzwa hasa. Mizingile ilikuwa mingi, mingine kuta zake hazionekani, na mtoto aliweza kujichorea mzingile wake mwenyewe. Wako watu wengi, hata leo, wanaosema kwamba ulikuwa mchezo mzuri kuliko ule uliokuja kutolewa na Atari.

Atari na Midway, wenye haki ya Pac-Man huko Marekani, wakashtaki. Mahakama ya kwanza ilikataa kuuzuia. Wakakata rufaa, na tarehe 2 Machi 1982 mahakama ya rufaa ya Chicago ikawapa haki. Majaji walieleza kwamba mzingile, vitone na mashindano ya kufukuzana ni mambo ambayo hapana awezaye kuyahodhi. Lakini umbo la mlaji yule na mazimwi yale, na namna yanavyokwenda na kugeuka, hayo yameigwa mno. Walitazama pia kwamba baadhi ya matangazo ya maduka yalikuwa yakiuuza mchezo ule kwa kuutaja kuwa ni wa namna ya Pac-Man. Basi K.C. Munchkin akaondolewa madukani. Averett alijibu kwa namna yake: katika mwaka ule ule akaleta mchezo mwingine wa mlaji wake, ambamo anafukuzwa na kumla mdudu mrefu wa vipande vipande, na Atari ilikuwa na mchezo wake mashuhuri wa mdudu wa namna hiyo.

Hukumu hii imekuwa ikisomwa na wanasheria tangu wakati huo, na sisi hatuna la kuipinga. Mwenye kazi ana haki ya kazi yake. Ila tazama lililompata mnunuzi. Katika mwezi ule ule wa Machi 1982, mchezo uliochezeka ukatolewa rafuni kwa kuwa haukuwa na ruhusa, na mchezo wenye ruhusa ukaingia mahali pake ukiwa hauna zile sifa ambazo kwazo jina lilipata thamani. Sheria ilimlinda mwenye jina. Mzazi aliyesimama mbele ya rafu, mkono umeshikwa na mtoto, hakuwa mmoja wa wadaawa.

Kaseti ilitoka kwa kishindo. Tarehe 3 Aprili 1982 Atari iliifanya kuwa siku ya Pac-Man, kukawa na sherehe katika miji mingi ya Marekani. Zikauzwa zaidi ya milioni 7, na hapana kaseti nyingine ya mashine ile iliyouzwa zaidi ya hiyo. Kwa daftari la biashara huo ni ushindi mkubwa kabisa. Lakini fikiria lile lililotokea sebuleni mamilioni ya mara katika majira yale: kaseti imechomekwa, watoto wameketi karibu kuliko wanavyoruhusiwa, kioo kimewaka, na mmoja wao, kwa kawaida yule aliyekuwa akienda jumba la michezo pamoja na kaka yake, anasema, "Mbona si yenyewe?"

Waliendelea kuucheza, hilo ni kweli na lazima tuliseme. Mtoto hucheza na alichopewa. Wako watu wazima leo ambao mlio ule mkavu ukipigwa huwakumbusha utoto wao, wala hawataki kusikia ukitukanwa. Lakini walijifunza jambo, na wazazi wao walilijifunza pamoja nao.

Mwisho wa mwaka ule Atari ilileta kaseti ya E.T., iliyotokana na filamu mashuhuri, na iliyotengenezwa kwa muda wa wiki tano hivi tu ili iwahi msimu wa zawadi. Mara hii watu hawakuvumilia. Mwezi Desemba 1982 kampuni ya Warner, iliyoimiliki Atari, ilitangaza kwamba mapato yatakuwa chini ya yaliyotarajiwa, na hisa zake zikaanguka kwa takriban theluthi moja. Mwaka 1983 soko zima la michezo ya nyumbani huko Marekani likaporomoka. Si haki kuutwika mzigo wote mchezo mmoja. Kampuni zilikuwa zimezidi, kaseti mbovu zimejaa mpaka zikauzwa kwa bei ya kutupa, na kompyuta za nyumbani zilikuwa zikishuka bei. Hata hivyo mnunuzi aliyekwisha kuumwa na jina kubwa hakimbilii jina kubwa la pili. Septemba 1983 Atari ilipeleka malori ya bidhaa isiyouzika kwenye jaa la mji wa Alamogordo, New Mexico, ikafukiwa. Kwa miaka 30 watu walibishana kama kisa hicho ni kweli au ni hadithi, hata Aprili 2014 jaa likafukuliwa mbele ya watazamaji, zikatoka kaseti za E.T. na za michezo mingine mingi, zimepondeka na kujaa vumbi. Baadhi yake zilinadiwa, na nyingine zikapelekwa katika majumba ya makumbusho.

Je, mashine ile ndiyo iliyoshindwa? Wengi hujibu hivyo, na sisi tulikuwa tukidhani hivyo. Lakini mwaka 1983 mchezo wa Ms. Pac-Man ulitolewa kwa mashine ile ile, baiti zile zile 128. Ulitengenezwa na kampuni ya General Computer, iliyoanzishwa na vijana waliotoka chuo cha MIT, ambao ndio walioubuni mchezo huo wa kike kwa majumba ya michezo. Walipewa kaseti ya kilobaiti 8, yaani mara mbili ya Frye. Vizuka wakatulia kwa sehemu kubwa, rangi zao zikaonekana, mizingile ikawa minne, na matunda yakarudi kuwa matunda. Na mwaka 2008 mtu mmoja apendaye mashine hizi za kale alijifungia na kazi ile ile kwa kilobaiti 4 zile zile, akatoa Pac-Man anayekaribia sana asili, kwa mashine ya mwaka 1977. Yeye alikuwa na miaka 25 ya elimu ya watu waliomtangulia, na hakuwa na meneja wa kumwambia kwamba kaseti yatakiwa madukani mwezi Machi. Kilobaiti nne nyingine zingemgharimu muuzaji fedha zaidi kwa kila kaseti. Faida ingepungua kidogo. Hapo ndipo mambo yalipoamuliwa.

Namco wenyewe waliutengeneza mchezo wao kwa ajili ya nyumba tarehe 2 Novemba 1984, kwa mashine ya Nintendo iliyoitwa Famicom, iliyotoka Japani mwaka 1983. Ilikuwa mashine mpya iliyoweza kuonyesha vitu vingi vyenye kwenda kwa mara moja, na toleo hilo lina tabia zote nne za vizuka. Kilichobaki kuwasumbua kilikuwa umbo la televisheni. Kioo cha mashine ya jumba la michezo kimesimama, kirefu kwenda juu, na televisheni ya nyumbani imelala; kwa hiyo mzingile ulifinywa kidogo, na hesabu ya alama ikahamishiwa upande wa kulia. Neno hili limeyaandama matoleo mengi ya nyumbani, na dawa yake mojawapo ni mkusanyo wa Namco wa mwaka 2017 wa mashine ya Switch, ambayo mchezaji aweza kuigeuza ikasimama wima kama ile ya 1980.

Toleo hilo la Famicom ndilo lililofika kwetu, tena kwa njia ya uani. Mashine za kunakili Famicom zilitengenezwa kwa wingi Taiwan, Hong Kong na China, na wasomaji wetu waliokulia katika miji ya pwani na bara miaka ya 1990 na baada yake watazikumbuka: kimashine chepesi, pedi mbili zenye nyaya fupi, na kaseti ya manjano iliyoandikwa kwamba ina michezo maelfu, ilhali ukiihesabu ni michache inayojirudia kwa majina mengine. Miongoni mwa michache hiyo Pac-Man hakukosekana. Katika kaseti nyingi za namna hiyo jina la Namco lilikuwa limefutwa kabisa kwenye kioo cha mwanzo. Mtoto wa Marekani mwaka 1982 alilipia jina, mchezo haukuwamo; mtoto wa kwetu aliupata mchezo wenyewe, vizuka wanne kamili na tabia zao, wala hakujua ni wa nani, na aliyeutengeneza hakupata hata senti.

Mwenye mashine ya namna hiyo iliyosahauliwa kabatini, kama bado yawaka, na amtazame kizuka wa rangi ya chungwa. Amngoje awe mbali, amwache aje. Akikaribia hatua nane, asimkimbie.